Magnesiamu Tunawalisha Ng'ombe

Aka! Hapana, hili leo tuliseme. Hapa Ikungi siku hizi huwezi kulalamika kwamba mguu umekukaza usiku bila mtu kukutolea kopo kwenye mkoba. Umechoka? Magnesiamu. Kope inacheza? Magnesiamu. Usingizi umekataa? Magnesiamu hiyohiyo. Mama wa watu anauza kuku wake walioanza kutaga, anarudi nyumbani na vidonge ambavyo hata aliyemuuzia hawezi kueleza ni vya aina gani. Linaniuma, nasema kweli.

Madini haya mwili unayahitaji, hakuna ubishi. Misuli, mishipa ya fahamu na mapigo ya moyo vyote vinayategemea. Mtu mzima ana kama gramu 25 mwilini, zaidi ya nusu ziko kwenye mifupa, na kwenye damu haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana kipimo cha damu kinaweza kuonyesha uko sawa, kumbe akiba imepungua. Sasa kama maabara yenyewe inaweza kupitwa, huyu anayekutazama kope pale stendi ameona nini?

Na dalili zenyewe zinafanana na za maradhi chungu nzima: hamu ya kula inapotea, kichefuchefu, uchovu, mwili kulegea. Upungufu ukikomaa ndipo ganzi inakuja, misuli inakaza, mtu anapata degedege, moyo unadunda ovyo. Aliyefika huko si wa kukaa na sisi kijiweni. Apakiwe apelekwe hospitali, Makiungu ipo.

Swali la maana ni hili: kitu gani kinaitoa magnesiamu mwilini mwako? Kuharisha kwa muda mrefu kunaitoa. Kisukari kisichodhibitiwa kinaitoa kwa njia ya mkojo. Gongo na pombe kali za kila siku, hali kadhalika, na baadhi ya dawa za presha, zile zinazokukojoza. Halafu kuna omeprazole, ile dawa ya tumbo. Hapo ndipo ninaposonya kwa nguvu. Mtu aliandikiwa za wiki chache kwa ajili ya tumbo, akaona nafuu, basi anajinunulia mwaka wa tatu huu bila kurudi kwa daktari. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa za kundi hilo zikitumiwa muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, zinaweza kushusha magnesiamu. Katika visa walivyovichunguza, kama robo havikutengemaa kwa kumeza nyongeza tu, mpaka dawa ya tumbo iliposimamishwa. Usiikatishe mwenyewe kwa kunisikia mimi. Beba boksi lake, nenda ukamwonyeshe daktari.

Chakula je? Loh! Sisi wa Ikungi tunaopanda alizeti, mtama, uwele na choroko ndio wa kununua kopo? Watafiti waliokokotoa vyakula vya Afrika nzima, wakachapisha mwaka 2014, walikadiria kwamba kalsiamu iko hatarini kupungua kwa zaidi ya nusu ya watu, zinki kwa asilimia 40, lakini magnesiamu chini ya asilimia 1. Nafaka isiyokobolewa na kunde ndivyo vinavyotubeba.

Ila tuangalie mikono yetu inafanya nini. Simama mashineni wakati wa kukamua: mafuta yanachuruzika kwenye ndoo, na upande wa pili mashudu yanatoka ya moto, meusimeusi, yanajazwa kwenye viroba. Magnesiamu ya alizeti iko kwenye viroba vile. Mafuta hayana kitu hicho. Mashudu yanakwenda kwa ng'ombe na kuku, sisi tunabaki na mafuta ya kukaangia, halafu mahindi tunayakoboa mpaka yawe sembe nyeupe pe, kiini na pumba navyo vinaenda zizini. Mtu mzima anahitaji kati ya miligramu 310 na 420 kwa siku. Kiganja kimoja cha mbegu za maboga zilizokaangwa, gramu 28 hivi, kina kama 150. Tena mbegu hizo tunazimwaga jalalani! Rudisheni dona, jamani, na mbegu mbichi za alizeti watoto wazitafune.

Daktari akisema unahitaji nyongeza, sawa, tuchague kwa akili. Ukienda duka la dawa ukataja "magnesiamu" tu, kuna uwezekano ukapewa kile kidonge kikubwa cheupe cha kutafuna, chenye ladha ya mnanaa. Hicho ni magnesiamu trisiliketi, cha kutuliza kiungulia. Hakikuwekwa pale kujaza upungufu. Kati ya aina za nyongeza, oksaidi ina magnesiamu nyingi kwenye karatasi, lakini mwili unafyonza kidogo na tumbo linaharisha. Sitreti inafyonzwa vizuri zaidi, ingawa nayo inalainisha choo. Glaisineti ni pole kwa tumbo. Sulfeti ya sindano ni mali ya wodi ya wazazi, inaokoa wenye kifafa cha mimba. Nayo haina kazi kabatini kwako.

Kwenye lebo tafuta miligramu za magnesiamu yenyewe, na bila daktari usivuke 350 kwa siku kutoka kwenye vidonge. Kama unatumia doksisaiklini au siprofloksasini, imeze saa 2 kabla ya magnesiamu au subiri saa 4 hadi 6 baada yake, maana zinashikana tumboni na dawa haifanyi kazi. Na mwenye figo mbovu asiguse kabisa bila ruhusa ya daktari, kwa sababu figo ndizo zinazotoa ziada, na ikirundikana inaweza kusimamisha moyo.

Wazee wangu wanaokazwa na misuli usiku, hili lenu: mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2020 yaliona kwamba kwa watu wa umri wenu vidonge hivi havielekei kusaidia. Hela ya kuku wekeni kwenye kipimo cha sukari na presha, na mkifika mmweleze daktari dawa zote mnazokunywa, hata zile za kununua wenyewe.