Udugu wa Herufi Tatu

Sisi undugu tunauhangaikia: tumbo moja, ziwa moja, au angalau kuchanjiana. Wanachuo wa Marekani walirahisisha mambo tangu 1776, chama cha Phi Beta Kappa kilipozaliwa Virginia: herufi tatu za Kigiriki, na Kigiriki chenyewe si lazima ukijue. Siku hizi, kwenye vyama vingine, unanyweshwa pombe hadi uzimie (kumbe jando letu lilikuwa la kitoto), ukizinduka una kaka mia.

Na hawakusahau! Mjomba wangu hunikumbuka kukiwa na msiba tu. Jamaa yangu aliyesoma huko kahama mara nne, simu kabadili, mke kamkimbia; barua ya kaka zake haijampotea hata mara moja. “Ndugu mpendwa,” huanza. Ukurasa wa pili ni fomu ya mchango.