Giaboksi na Mbuzi wa Mama Mkwe

Ukitaka kuwajua majirani zako wote wa Mbagala, usisubiri msiba. Shusha giaboksi kwenye gari, iweke juu ya tairi bovu chini ya mwembe, kisha jifanye hujui ni ya gari gani. Kabla ya adhuhuri utakuwa na wataalamu wa kutosha kufungua chuo, na hakuna hata mmoja mwenye shaka.

Sisi hatukuwa tunajifanya. Pikapu ni Peugeot 404 ya marehemu baba mkwe, iliyobeba nazi kutoka Mkuranga kwenda Kariakoo miaka nenda miaka rudi, hadi ilipokabidhiwa kuku. Shemeji yangu ndiye aliyeamua kuifufua. Fundi wa kwanza alishusha giaboksi, akasema gia ya pili inakwaruza na sili ya nyuma inavujisha, halafu akaenda msibani Kilwa. Matanga hayo hadi leo hayajaanuliwa. Tukabaki na sanduku la alumini lililoganda oili na mchanga, pamoja na swali ambalo wauza spea wa Gerezani hukuuliza hata salamu haijaisha: "Ya gari gani, bosi?"

Ya Peugeot, utasema. Basi wewe mgeni hapa mjini. Gari lililozeekea Dar es Salaam lina viungo vingi vya wenzake kuliko vyake lenyewe. Kadi inasema Peugeot 404, sawa, lakini kadi haijawahi kulala uvunguni ikatazama. Halafu hata 404 zenyewe hazikuwa na giaboksi moja: za mwanzo zilikuja na iitwayo C3, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaingia BA7, na matumbo yao hayaingiliani.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa fundi wa Hilux. "Hii Hilux hii," alisema kabla hajainama. Maisha yake yote ametengeneza Hilux, na nadhani hata mkewe akipata homa humsikiliza klachi kwanza. Alitueleza kwamba Toyota hawana mafumbo. Kwenye kibati chao huandika msimbo wa giaboksi: herufi ni ukoo, na katika zile za zamani tarakimu ya kwanza ni idadi ya gia, ndiyo maana W40 ina gia nne na W50 ina tano. Hapo alisema kweli tupu. Akaenda kukitafuta kibati hicho ndani ya boneti ya Peugeot, akarudi na yai.

Kijana wake alikuwa na tatizo jingine. Hakuwahi kuona gia ya usukani, ile liva inayotoka ubavuni mwa usukani badala ya sakafuni. Aliitazama kwa muda, akaipandisha, akaishusha, akauliza mbona indiketa kubwa hivi.

Akaja mzee aliyeendesha Land Rover za shamba la serikali. Tukampa kiti na shikamoo zake. Akauliza iko wapi liva yenye kichwa cha njano, na iko wapi yenye kichwa chekundu; ya njano unaikandamiza kuamsha magurudumu ya mbele, nyekundu unaivuta upate gia za chini za kutokea matopeni. Tulipomwambia hazimo na hazikuwahi kuwamo, alisikitika kwa niaba ya marehemu. "Kumbe alikuwa anaendesha teksi," akasema.

Kuna kijana aliyesoma VETA Chang'ombe, yeye alipendekeza tuioshe kwa dizeli kwanza ndipo tubishane. Ilionekana ni utovu wa adabu mbele ya wazee, ila tuliiosha. Tope lilipotoka tukaona ganda lina mshono tangu mbele hadi nyuma, nusu mbili zimefungwa kwa bolti. Fundi wa Hilux akapiga kofi: imekatwa na msumeno, tumeuziwa kanyaboya! Ilibidi kijana aeleze kwamba Wafaransa ndivyo walivyoiunda.

Neno Peugeot lilipotajwa, mzee mmoja wa kwenye bao akaacha kete zake akaja. Huyu hakuigusa kabisa giaboksi. Alitusimulia Bert Shankland, mtu wa hapahapa Dar es Salaam, alivyoshinda Safari ya Afrika Mashariki kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na akarudia 1967. Simulizi ikaingia 1968, matope yalipomeza karibu magari yote, yakamaliza saba tu, na mbele yao 404 ya Nick Nowicki. Kila kona mzee aliichukua kwa mikono miwili, na mguu wake ukikanyaga klachi hewani. Shemeji akauliza kwa upole gari hizo zilikuwa na giaboksi gani. "Nzuri," akajibu mzee, akarudi kwenye bao.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni wake. Katika watu wote ndiye pekee ambaye hakujali ni ya gari gani. Aliuliza kilo.

Mama mkwe alikuwa barazani muda wote huo, anachambua mchele. Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa alikuwa anachambua mchele. "Mnabishana nini?" akasema mwishowe. "Hiyo si ya gari hili. Hiyo ni mbuzi wangu."

Ikatoka hadithi. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, spea zilikuwa hazionekani hata kwa dawa. Giaboksi ya awali ikafa, na marehemu mzee akamuuza mbuzi wa mkewe bila kumwambia, akanunua nyingine kutoka kwenye teksi ya Peugeot 504 iliyogonga mnazi Mtoni. Akaileta usiku imefunikwa kanga. Jirani akadhani ni gunia la sukari, akaita mgambo. Mgambo wakafunua kanga, wakaondoka wamechafuka mikono. Kisha mama akaongeza kwamba ndani mzee alikuwa akitia oili ya injini, si ile nzito ya 90, na mafuta yake ya nyonyo ya kupaka nywele yalikuwa yakiishia kwenye difu.

Kijana wa VETA alikuwa ameacha mdomo wazi. Difu ya 404 ni skrubu ya chuma inayosugua gurudumu la shaba, na kweli ilitengenezewa oili yenye asili ya nyonyo. Na kama sanduku ni la 504, basi ni BA7, kwani 504 haikuwahi kuwa na C3. Ushahidi wa mbuzi ukapita.

Ringi ya gia ya pili tumemwagiza ndugu atutafutie Mombasa, ambako 504 ziliunganishwa kwa miaka mingi. Kwa ajili ya sili nilikwenda Gerezani mwenyewe, kifua mbele, nikamtajia muuzaji: BA7, ya 504, ya teksi. Hakunisikiliza. Akaomba ile kuukuu, akaipima kwa vernia ndani na nje, akapanda ngazi, akashuka na sili ya trekta la Massey Ferguson.

Nyumbani mama mkwe aliigeuzageuza, akauliza trekta lenyewe limeuziwa mbuzi wa nani.