Sifa za Kosa la Asubuhi

Sisi wa Mji wa Kale wa Mombasa hatuna choyo cha sifa. Bibi harusi husifiwa kwa hina, nyumba kwa mlango wake, na maiti kwa tabia ambazo jirani zake hawakuwahi kuziona. Ni dhuluma basi kwamba hajasimama mtu kulisifu lile kosa linalotokea Emacs, kile kihariri cha maandishi, inapowashwa, pale inapokwambia kuwa imeshindwa kusoma faili lako la mipangilio kwa sababu pakeji fulani haionekani.

Kwanza lina adabu ya kuwahi. Matatizo mengine husubiri uzame kazini ndipo yakuvamie. Hili unalikuta mlangoni. Likishagoma mstari wa kumi, yote yaliyoandikwa chini yake hayasomwi. Rangi ulizochagua hazipo, herufi zimekuwa ndogo, vitufe ulivyovizoea vimesahau kazi zao. Richard Stallman aliitoa GNU Emacs mwaka 1985, na asubuhi hiyo unaiona bila mapambo yako hata moja. Fort Jesus, kuona cha kale, unalipa kiingilio.

Elimu yake ndiyo haina kifani. Mtu aliweka pakeji moja tu, ya kutia rangi mabano. Ile moja ikaja na wenzake, nao wakaja na wao, kila mmoja kaandikwa na mtu wa mbali ambaye hajapata hata ahsante. Miaka inapita, hakuna anayeikumbuka pakeji yake. Kosa ndilo linaloitaja kwa jina. Hata nje ya Emacs ni hivyo: Machi 2016, Azer Koçulu alipoiondoa pakeji yake ya left-pad, mistari kumi na mmoja tu, kwenye npm, hazina ya pakeji za JavaScript, kazi za watu zilikwama dunia nzima, na wengi ndiyo siku waliyojua kwamba walikuwa wakimtegemea.

Lina falsafa pia. Septemba 2019 ufunguo wa kuhakiki saini za pakeji za GNU ELPA, hazina ya pakeji za Emacs, uliisha muda wake. Ufunguo mpya ulikuwepo, ndani ya pakeji, na pakeji haiwekwi bila saini yake kuhakikiwa kwa ufunguo mpya. Njia moja kwa waliochelewa ilikuwa kuzima uhakiki, kuweka pakeji, kisha kuuwasha tena: ili uwe salama, acha kidogo kujali usalama. Kuna wanazuoni waliobishana maisha yao yote kwa jambo jepesi kuliko hilo.

Na sisi wa kisiwani tumepewa fungu la ziada. Nyaya za intaneti za baharini, Seacom na TEAMS, zilitua Mombasa mwaka 2009. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ikatia nanga, ikaukata waya wa TEAMS. Siku kama ile hazina haifikiki, pakeji haishuki, Emacs inagoma. Ni mji gani mwingine ambapo lawama za mabano yako zinaweza kumwangukia nahodha?

Tiba yake, nakiri, si ya kishujaa. Unaiwasha kwa --debug-init ikuonyeshe ilipokwama, au kwa -Q isisome chochote chako, ujue kama ubaya ni wake au ni wako. (Ni wako.) Kisha unazima nusu ya faili, unawasha, unazima nusu ya nusu. Saa nne inafika, mahamri yamepoa, mbaazi zimeganda, na mwajiri anaamini unafanya kazi.

Nawahurumia wanaotumia kihariri cha VS Code. Kule viongezo huendeshwa pembeni. Kimoja kikianguka, dirisha linafunguka vilevile na mtu anaanza kazi saa mbili kamili. Jioni anakuja barazani Kibokoni, kikombe cha kahawa tungu mkononi. Wenzake wanasimulia walivyoifuta elpa, saraka nzima ya pakeji zao, wakapakua kila kitu upya, na yeye, masikini, hana la kuchangia ila kwamba kazi aliimaliza.