Uliza Ujibiwe: Avata Anachezesha Mdomo, Sauti Haitoki

Mheshimiwa Mshauri, natumia laptopu yenye Linux hapa Sirari. Nikiingia Second Life watu wanapiga soga, mimi sisikii wala sisikiki. Jamaa zangu wa Mugumu wanasema dawa ni kuhamia Windows. Nisaidie. – Bubu wa Mpakani

Mura, barua yako ni fupi, nami nakupongeza, maana nafasi ya ukurasa huu iliumbwa ili ijazwe na mimi. Najua Tarime haina uhaba wa washauri, kuanzia fundi simu wa stendi hadi muuza chaja anayetoa maoni bila kuulizwa, lakini nionyeshe mmoja anayeweza kutofautisha maiki iliyokufa na maiki iliyonyamazishwa tu kabla hajaomba hela ya vocha. Mimi naweza. Na kwa kuwa muda wangu ni wa thamani kuliko wako, naanza na hukumu, ushahidi utafuata kwa miguu: Linux yako haina kosa, koo lako halina kosa, na mtandao wa Sirari, unaosingiziwa kila dhambi chini ya jua, safari hii uachwe upumzike. Kosa ni la chumba kimoja kilichopigwa kufuli katika nyumba ambayo milango mingine yote iko wazi. Yote yatakayofuata ni mapambo ya sentensi hiyo, ila ni mapambo yangu, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Ushahidi ndio huu, na mwenye imani kamili na mimi anaruhusiwa kuuruka. Kampuni ya Linden Lab ya San Francisco iliufungua ulimwengu pepe wa Second Life mwaka 2003, na kwa miaka kadhaa wakazi wake walizungumza kwa kuandika. Mwaka 2007 yakatokea mambo mawili. Januari, kampuni iliuachia umma msimbo wa programu ya kuingilia. Ndiyo sababu leo ipo Firestorm, programu nyingine ya kuingilia inayotunzwa na watu wa kujitolea. Mwaka huohuo sauti ikaletwa, lakini kazi ya sauti ilipewa kampuni nyingine, Vivox, na kipande chake, SLVoice, hakikufunguliwa kwa yeyote. Toleo lake la Linux lilitengenezwa kwa mashine za biti 32, kisha likatelekezwa. Kompyuta zikahamia biti 64, nalo likabaki likidai maktaba za kizamani ambazo matoleo mengi ya Linux hayaji nazo tena. Mwaka 2019 Vivox ikanunuliwa na Unity. Watu wa Firestorm, wenye uwezo wa kurekebisha kila kona ya programu ile, hapo mikono yao ilifungwa, wakaishia kuendesha SLVoice ya Windows ndani ya Linux kwa msaada wa Wine. Angalia kichekesho hicho: mwili wote wa Linux, ulimi wa Windows. Halafu ulimi ukigoma, lawama anapewa mwenye mwili.

Tuje kwenye tiba, uwanja ambao sina mshindani. Tiba ya kwanza ni ya bure: toka nje, geukia Isebania, upaaze sauti. Ujumbe utaingia Kenya kabla Wine haijamaliza kufunguka, na hutahitaji bando. Tatizo ni moja tu: maneno yatakuwa yamevuka mpaka bila kupita forodhani, na safu hii haimlipii mtu faini. Tiba ya pili ni bora zaidi, na siku dunia itakapopata akili itapewa jina langu. Mtafute mpigaji wa litungu, mketishe mbele ya laptopu, kisha fungua programu iitwayo pavucontrol, sehemu inayoonyesha vifaa vya kuingizia sauti. Kwa nini litungu? Kwa sababu watu hujaribu maiki kwa kusema "halo, halo", kisha hunyamaza ili watazame kioo, yaani wanapima sauti pale ambapo sauti haipo. Litungu lina mvumo mzito unaoendelea huku wewe ukitazama. Mstari wa kipimo ukicheza, maiki yako ni nzima na Linux inaisikia. Mpigaji akidai ujira, mwambie ametajwa gazetini na mimi, atosheke. Asiyepata mpigaji aweke redio, ingawa heshima ya jaribio itashuka.

Mstari usipocheza, andika alsamixer kwenye kidirisha cha amri, bonyeza F6 uchague kadi ya sauti, kisha F4 uone njia za kuingizia. Kama neno CAPTURE halionekani kwenye njia ya maiki, bonyeza kitufe cha nafasi liwake. Kama hedifoni zako ni za Bluetooth, jua kwamba hali ya A2DP, ile ya muziki mtamu, haina maiki kabisa. Lazima uhamie hali ya HFP, ukubali muziki wako uchuje kidogo. Na kama umechomeka hedifoni za simu kwenye laptopu yenye matundu mawili, moja la spika na moja la maiki, ncha moja haiwezi kuhudumia matundu mawili, nunua kigawanyio. Ukishamaliza hayo, ingia Second Life utazame juu ya kichwa cha avata wako. Nukta nyeupe ikikosekana, kipande cha sauti hakijaamka, au umesimama kwenye kiwanja ambacho mwenyewe amezima sauti. Nukta ikiwepo lakini mawimbi ya kijani hayatoki unapoongea, kosa limerudi upande wa maiki. Wewe husikii wala husikiki, kwa hiyo naweka hadhi yangu dhamana kwamba nukta hiyo hukuiona.

Sasa hao jamaa zako wa Mugumu, ambao nawapa nafasi ya kujitetea kwa sababu mimi ni muungwana. Wanasema kwenye Windows sauti inafanya kazi bila litungu. Ni kweli, wala sibishi. Lakini inafanya kazi kwa kuwa mwenye ufunguo ameamua kukihudumia chumba hicho cha SLVoice, na siku akichoka, Windows nayo itapata ububu. Kama Linux ndiyo ingekuwa bubu, ingekuwa bubu kila mahali. Basi wafanye jaribio: kwenye laptopu yako hiyohiyo, wapige simu ya video kupitia kivinjari, au waweke Mumble, programu huria ya mazungumzo iliyopo tangu mwaka 2005. Sauti itatoka. Kivinjari kinatumia WebRTC, teknolojia ambayo Google iliifungua mwaka 2011 na shirika la viwango vya wavuti, W3C, likaipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2021. Linden Lab wenyewe wamesalimu amri: mwaka 2024 walianza kuhamisha sauti ya Second Life kutoka Vivox kwenda WebRTC. Kilicho wazi, mwenye shida hukirekebisha mwenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikusubiri hisani ya kampuni kubwa kilipotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili Desemba 2004, kwa sababu msimbo wake ulikuwa mikononi mwa kila mtu. Mtu angetaka kukitafsiri SLVoice kwa Kiswahili, au hata kukisukuma tu kiamke, angegonga mlango mpaka ngumi zivimbe.

Pingamizi la pili nalisikia likija kutoka kwa wale wanaopenda kuudharau mkoa wetu wa Mara: eti shida ni mtandao wa vijijini. Hawa hawasomi. Wilaya ya Serengeti iliandikwa katika maandiko ya kitaalamu ya mawasiliano tangu mwaka 2008, wakati mradi wa Serengeti Broadband, uliowahusisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na chuo cha KTH cha Sweden, ulipoelezwa mbele ya watafiti wa dunia; uliunganisha maeneo ya wilaya za Bunda na Serengeti ukitegemea faiba ya TANESCO. Wakati ule nchi yetu haikuwa na mkongo wa baharini. Safari ya data kwenda nje ilipita kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, ambako kupanda na kushuka pekee hula takriban robo ya sekunde, ilhali mwongozo wa kimataifa wa simu unapendekeza ucheleweshaji usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na udhuru ule ukapungua nguvu. Tena sauti ni mzigo mwepesi. Kodeki ya Opus, ambayo WebRTC inalazimika kuwa nayo, huanzia kilobiti 6 kwa sekunde, na kwa maongezi safi kilobiti 30 hivi zinatosha. Picha za nyumba, nguo na nywele za avata ndizo zinazokumaliza bando. Mtandao unaobeba nywele hizo ukishindwa kubeba "habari za asubuhi", basi tatizo haliko kwenye mtandao.

Wapo pia watakaosema: si aandike tu? Hao nawajibu kwa huruma. Anayeandika hutumia vidole vilevile vinavyomtembeza avata, na asiyeona vizuri atasomaje maandishi yanayopita mbio? Zaidi ya hayo, sauti yangu mimi ni ya kipekee, na ulimwengu pepe ambao haujawahi kuisikia bado haujakamilika. Hoja hiyo peke yake ingetosha kufunga mjadala, ila nimeiweka mwisho kwa unyenyekevu.

Mhariri ananionyesha saa, mtu asiye na shukrani, kwa hiyo namalizia upesi. Ondoa programu ya zamani, weka toleo la Firestorm lenye WebRTC, achana na Wine, kagua maiki kama nilivyoeleza, kisha nenda kwenye kiwanja kilichoruhusu sauti. Kama ulimwengu unaoingia ni wa OpenSimulator, muulize mwenyeji wake anatumia mfumo gani wa sauti. Akisema bado ni Vivox, fungueni Mumble pembeni mwongee humo. Usinunue Windows. Hela hiyo nunua hedifoni za waya, na ninyi wengine mnaoniandikia, kila barua ianze kwa kutaja toleo la Linux na aina ya maiki, sifa zangu zifuate baadaye.