Wali Una Mawe

Mazungumzo ya ng'ombe yalikuwa yamefika pazuri, mzee mmoja akainua mkono, akatoa kitu mdomoni na kutangaza mbele ya koo mbili kwamba wali wa nyumba hii haukuchambuliwa. Kiganjani mwake ilimeremeta shanga ya bluu niliyoitia uzi mimi mwenyewe.

Hii ilikuwa Jumamosi iliyopita, kwenye koito, sherehe ya Wakalenjin ya kupatana mahari, huko mtaani Langas. Sotet ya Kogo, yaani kibuyu cha bibi cha maziwa ya mursik, ilipitishwa juu ya sinia, ukanda wake wa shanga ukakatika, safu za ukingoni zikanyesha kwenye pilau. Wapishi walitazamwa vibaya. Nami nilitazama dari.

Ukanda nilikuwa nimeufumua na kuufuma upya kwa mshono wa peyoti. Jamani, mshono huu ni uchawi! Unatunga shanga za safu mbili za kwanza kwenye uzi mmoja. Ukianza safu ya tatu unaongeza shanga, unaruka moja, unapita kwenye inayofuata, na vurugu lote linajipanga lenyewe kama matofali ya ukuta. Idadi ikiwa shufwa, unageuka ukingoni bila taabu. Ikiwa witiri, shanga ya mwisho haina pa kujishikiza, basi sindano inazungushwa ndani ya shanga jirani mpaka utokee unapotaka. Kisha kuna namba za ukubwa wa shanga: ya kumi na moja ni ndogo kuliko ya nane, usiniulize nani aliona hilo ni sawa. Shanga za silinda za Japani hulingana kama mapacha. Za Cheki hupishana unene kidogo. Za Kogo hazikuwahi kusikia habari ya kulingana. Tena tundu la kioo lina makali. Kila ukanda unapocheza, shanga inakereza uzi, ndiyo maana mafundi hutumia uzi imara wa nailoni na kuupaka nta ya nyuki.

Mwenye kazi alikataa kununua uzi huo. Aliniletea wa kushonea sare za shule. Nilipotaja ujira alicheka: "Si ni shanga tu?" Huyohuyo, Jumamosi, alikaa upande wa bibi harusi akidai ng'ombe mmoja baada ya mwingine, hapunguzi hata mkia. Macho yangu yanayouma na vidole vilivyotobolewa havikuhesabiwa kama kazi. Watu husifu kazi ya mikono ilimradi mikono isidai kitu, na mikono hiyo karibu kila mara ni ya mwanamke.

 

Ukanda nimekubali kuurudia. Safari hii uzi nanunua mimi, malipo yanatangulia, na ukiniletea ukanda wako masharti ni hayohayo.