Filimbi ya Refa Chini ya Mto

Orodha za kujiandaa kwa dharura hufanana karibu kila mahali: maji, tochi, redio ya betri, chakula cha makopo, na pa kujificha chini ya nyumba. Mkazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi katika jimbo la Lualaba, na afute hilo la mwisho kabla hajaendelea kusoma. Chini ya nyumba ndiko hatari inakotokea. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba kwenye kiwanja chake akakutana na mawe ya kobalti, na haukupita muda majirani nao wakaanza kubomoa sakafu za vyumba vyao. Shimo hushuka wima, kisha hukata kona na kufuata mshipa wa madini, na mshipa hauujui mpaka wa kiwanja. Sheria ya Kongo inamruhusu mchimbaji mdogo mita 30 kwenda chini. Wewe uliyelala juu huna futi ya kupimia kina alichofika jirani yako.

Kwa hiyo akiba ya nyumba hii ni tofauti kabisa. Vitu vyake ni vya bei ndogo, vinapatikana sokoni, na vingine vitamfanya muuzaji akuulize kama unafungua shule au timu ya mpira. Mwache aulize. Wewe nunua.

Anza na chaki, penseli na rula. Ardhi iliyotobolewa mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kuporomoka, ila huiandika ukutani kwa mwandiko mdogo. Ukiona ufa, weka alama pale unapoishia, juu na chini, na uandike tarehe pembeni. Kisha tia nukta mbili za penseli, moja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa rula, na uandike kipimo hapohapo ukutani. Ukiwa na kiganja cha saruji au plasta, bandika kipande chembamba kikatize ufa, ukiache kikauke. Kikikatika, ujue ukuta unatembea. Pima kila Jumapili, na wakati wa mvua, kuanzia Oktoba hadi Aprili, pima kila asubuhi. Ufa uliokaa miaka mitatu na kipimo kilekile ni wa ujenzi mbaya. Ule uliopanuka milimita mbili kwa juma moja ni wa kuwatoa watoto ndani leo, godoro litafuata. Na mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kugoma, usikimbilie kumwita seremala. Angalia kwanza fremu imeegemea wapi. Tazama uani pia: mahali palipobonyea mviringo, au maji ya mvua yanapotoweka badala ya kutuama, pana uwazi chini yake.

Sasa daftari. Daftari la shule, lile la kurasa chache, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili asiondoke nayo mtu. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu katika mwongozo huu wote, ningechagua hicho, na nitaeleza kwa nini.

Tarehe 27 Juni 2019 ngazi za mgodi wa KOV, karibu na Kolwezi, ziliwaporomokea wachimbaji walioingia humo. Hesabu ya wakuu wa jimbo ilianza na vifo 36, ikapanda hadi 43. Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, Mulondo, katika jimbo hilihili, daraja la kuvukia mfereji uliojaa maji lilivunjika chini ya umati. Serikali ya jimbo ilitaja vifo visivyopungua 32. SAEMAPE, shirika la serikali linalowahudumia wachimbaji wadogo, likataja visivyopungua 40. Kila pengo kati ya namba mbili kama hizo ni watu. Kila mmoja wao aliamka asubuhi, akamuaga mtu nyumbani, na hakuna aliyeandika kwamba ameshuka. Mama anayezunguka hospitali na picha ya mwanawe mkononi anatafuta jibu ambalo mstari mmoja wa kalamu ungempa.

Kwa hiyo mdomoni mwa kila shimo lililo uani kwako, au lililo jirani, pawe na daftari. Jina, saa ya kushuka, saa ya kupanda, na simu ya nyumbani. Anayefaa kulishika ni yule asiyebanduka pale juu, na mara nyingi ni mama anayeuza chakula na mbabula yake, yaani jiko la makaa. Aulize kama anavyouliza kila siku anapopakua: “Bayaya, leo munashuka bantu ngapi?” Wakisema saba, aandike majina saba. Wengine watakataa kutaja jina kwa kuogopa polisi au mwenye mgodi. Hao waandike jina la utani na rangi ya fulana. Mwokoaji anayejua kwamba chini wamebaki wanne hatasimamisha kazi kwa kuwa ameshatoa watatu.

Filimbi ya refa ikae chini ya mto, kwenye kamba ya kuvaa shingoni. Vikosi vya uokoaji duniani, chini ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa uitwao INSARAG, vina lugha ya filimbi ambayo mtaa mzima unaweza kujifunza kwa mchana mmoja. Mlio mmoja mrefu wa sekunde tatu: acheni kazi, nyamazeni. Mifupi mitatu: ondokeni wote. Mrefu ukifuatiwa na mfupi: endeleeni. Huo wa kwanza ndio mgumu kwetu. Shimo likianguka, kila mtu hupiga kelele, pikipiki huunguruma, jenereta hazizimwi, na aliyefukiwa anagonga jiwe bila kusikiwa. Zima mashine, puliza mlio mrefu, na mtu mmoja agonge bomba la chuma lililochomekwa ardhini kisha atege sikio. Watoto wafundishwe mlio wa mifupi mitatu. Wataucheza siku nzima mpaka uchoke kuusikia, na hilo ni zuri.

Pamoja na filimbi, weka mbao pana mbili. Ukingo wa shimo lililotoka kuanguka haubebi miguu ya watu 20 waliokuja kutazama. Anayekaribia alalie ubao, uzito wake usambae, na wengine wabaki mbali. Kamba ndefu iwe ya kumfunga anayekaribia, na ncha yake ishikwe na watu walio mbali na ukingo. Haijawekwa ili mtu ashuke peke yake kumfuata ndugu. Najua ninaloomba hapo, na naliomba kwa uchungu: ndugu anayeruka ndani kwa upendo mara nyingi huwa maiti ya pili.

Mshumaa uuache mezani. Wapo wanaoushusha shimoni kupima hewa, ukiendelea kuwaka wanasema ni salama. Mwali huzimika oksijeni ikipungua sana, lakini monoksidi ya kaboni, gesi ya moshi wa injini, inaua huku mshumaa ukiwaka vizuri. Haina harufu wala rangi. Pampu ya petroli isishushwe ndani ya shimo kunyonya maji ya mvua, hata kwa dakika tano. Injini ibaki juu, na moshi wake uelekezwe mbali na mdomo wa shimo.

Dharura nyingine haina kishindo. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na KU Leuven ya Ubelgiji waliwapima wakazi 72 wa Kasulo, 32 kati yao watoto, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2018. Mkojo wa watoto wa mtaa huo ulikuwa na kobalti karibu mara 10 ya ule wa watoto wa kwingine, na waliona dalili za uharibifu katika vinasaba vyao. Vumbi la ndani ya nyumba nalo lilikuwa na kobalti, na metali nyingine, urani ikiwamo. Ndiyo maana fagio kavu listaafu. Weka akiba ya matambara na ndoo mbili, ya kulowekea na ya kusuuzia, na sakafu ifutwe ikiwa mbichi. Viatu vya shimoni vilale nje. Gunia la mawe lisilale chumbani, hata kama unaogopa wezi, wala mawe yasioshwe katika beseni la vyombo. Sabuni ikae karibu na sufuria: bukari, yaani ugali, huliwa kwa mkono, na mkono huo ndio uliochambua mawe.

Sukari na chumvi viwe kwenye kopo lenye mfuniko, kwa ajili ya kuhara na kipindupindu: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe, katika lita moja ya maji safi. Na unga, nunua bei ya mawe ikiwa nzuri, maana haidumu. Serikali iliposimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025, hakuna aliyebisha hodi Kasulo kutoa taarifa mapema.

Mwisho, bahasha ya plastiki isiyopitisha maji. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huu ilibomolewa, wakazi wakahamishwa, eneo likazungushiwa uzio, na madini yake yakawa yanauzwa kwa Congo Dongfang, tawi la kampuni ya China ya Huayou Cobalt. Siku kama hiyo anayejadili fidia mikono mitupu hujadili bei ya mwenzake. Tia humo hati ya kiwanja, risiti za bati na saruji, majina ya wote wanaolala ndani, na picha za kila chumba, kila ukuta, mti wa embe, choo, kisima. Ukutani, zile tarehe za chaki zionekane pichani. Nakala moja mpelekee ndugu aliye Likasi au Lubumbashi, na umwambie asiifute kwenye simu yake anapotafuta nafasi ya nyimbo.