Boliti za Shemeji

Ngalawa ikiundwa uani Likombe, Mtwara, kila apitaye njia ni mhandisi. Muuza samaki anasimamisha baiskeli, anafumba jicho moja, anatangaza kuwa omo imekwenda upande. Jirani ambaye kwenye kivuko cha Msanga Mkuu husali mpaka ng'ambo anahoji tezo inavyoshikwa. Fundi wetu, mzee wa hukohuko Msanga Mkuu, aliwajibu wote "sawa", kisha akaendelea vilevile.

Gogo lilikuwa la mwembe, zuri, ila palipokuwa na kifundo pakatoboka. Fundi akachonga kiraka, akaomba pamba. Shangazi, kwa moyo mkunjufu, akaleta mto wake wa sufi. Mzee akaupapasa, akamrudishia kwa heshima zote. Sufi hainywi maji. Ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea. Kalafati inataka pamba yenyewe, isokotwe, ipakwe mafuta, ishindiliwe kwenye ufa mpaka ikatae. Mafuta yalikuwa ya papa. Mpangaji wa chumba cha uani alihamia kwa rafiki yake siku hiyohiyo.

Kasheshe hasa ilikuwa mirengu, ile miti miwili inayolazwa kukingama mtumbwi, na matengo yake, zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke. Mirengu hufungwa kwa kamba. Wimbi likiinua upande huu na kukandamiza ule, kamba inalegea kidogo, inarudi. Chuma hakina subira hiyo, kinapasua mti.

Sasa korosho zikaanza kudondoka, fundi akaenda shambani, na shemeji akaona nafasi. Shemeji, mume wa dada, anachomelea mageti. Alikuja na futikamba na ndoo ya boliti.

"Kamba mambo ya zamani, shem."

"Tumsubiri mzee."

"Mzee atashukuru."

Akatoboa, akakaza. Na kwa kuwa huku kwetu boliti ina tabia ya kuondoka usiku na kuonekana asubuhi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kila nati akaichomelea moja kwa moja. Kazi safi, nakiri. Hata jini asingefungua.

Fundi akarudi. Shemeji akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Mzee akaizunguka ngalawa, mikono nyuma, bila neno. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Inatokea wapi hii?"

Sote tukageukia geti. Geti lenyewe alilitengeneza shemeji. Akalipima kwa futikamba, akalipima tena, kana kwamba lingeona haya likatanuka.

Wahandisi wa njiani wakafurika. Bomoeni ukuta. Ipitisheni juu. Muuza samaki akashauri tuijaze maji tufuge perege. Mwisho likaja grenda, na lilipogusa nati ya kwanza, umeme ukakatika. Mtwara hii! Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa 2015, na sisi tuliokaa juu yake tunashika tochi za simu. Fundi hakuuliza umeme utarudi lini. Alikuwa barazani anasokota kamba.

Uliporudi, boliti zikakatwa. Mirengu iliyotobolewa mzee akaikataa, ikawa kuni. Mtumbwi ukapita getini peke yake, miti mipya ikafuata mabegani, vyote vikapanda Fuso mpaka ufukweni Feri. Hapo ndipo alipofunga. Tengo la kushoto likagoma kugusa maji. Akalala kifudifudi mchangani, akatazama, akasukumia kabari chini ya mrengu, akagonga mara mbili, likakaa. Futikamba ilikuwa mfukoni mwa shemeji, na ilibaki humo.

Kaskazi hii ngalawa inavua, na kiraka hakivuji. Ndoo ya boliti bado iko kwa shemeji, nusu imejaa, hazina kutu. Mwenye geti pana awasiliane naye, bei maelewano.